Ekseli ya Gari Jipya kwa Land Rover Kuukuu: Tuhesabu Meno Kwanza

Land Rover za zamani tunazijua. Zilianza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948. Zile za Series III ziliacha kutengenezwa mwaka 1985. Lakini mikoani Arusha na Manyara mpaka leo ziko zinazobeba abiria, mahindi na wagonjwa. Gari kama hilo likilala njiani, mgonjwa naye amelala njiani.

Ugonjwa wake mkubwa uko nyuma. Ndani ya ekseli ya nyuma mna vyuma viwili virefu. Vinapeleka nguvu kutoka kwenye difu hadi kwenye matairi. Mafundi huviita hafu shafti. Katika ekseli ya kizamani vyuma hivi ni vyembamba. Gari likijazwa kupita kiasi, au dereva akiachia klachi kwa pupa mlimani, chuma kimoja kinakatika. Hapo tairi za nyuma hazisukumi tena. Na hendibreki nayo haishiki! Maana katika Land Rover hizi hendibreki haiko kwenye matairi. Iko nyuma ya giaboksi, na kazi yake ni kushika propela ya nyuma.

Basi wenye magari hutafuta ekseli yenye nguvu zaidi, ya gari la miaka ya baadaye. Wazo ni zuri. Lakini swali la kwanza la kumwuliza fundi si bei. Ni hili: "Difu hiyo ina meno mangapi?"

Ndani ya difu mna gia ndogo, pinioni, inayozungushwa na propela. Hiyo inazungusha gia kubwa, krauni. Katika Series II na Series III, pinioni ina meno 10 na krauni ina meno 47. Tugawe 47 kwa 10. Tunapata 4.7. Yaani propela inazunguka mara 4.7 ili tairi lizunguke mara 1. Sasa, Range Rover iliyoanza mwaka 1970, na Land Rover 110 iliyoanza mwaka 1983, hesabu yao ni 3.54.

Wengine husema, "Si tofauti ndogo tu?" Haya, tuhesabu. Ukiweka difu ya 3.54 nyuma na kuacha ya 4.7 mbele, kwenye barabara kavu gari linakwenda tu, wala huoni kasoro. Siku ya tope unaweka foo wili. Sasa propela ya mbele na ya nyuma zimefungwa pamoja, zinazunguka sawasawa. Zikizunguka mara 47, tairi za mbele zinataka kuzunguka mara 10. Za nyuma zinataka kuzunguka zaidi ya mara 13. Nani atamsubiri mwenzake? Kwenye utelezi tairi zitateleza. Ukifika pagumu kabla hujaitoa foo wili, gia au shafti itavunjika.

Kuna hatari nyingine. Saa ya mwendo ya magari haya husoma kutoka kwenye giaboksi, haijui kwamba difu imebadilishwa. Ikionyesha 60, kumbe gari linakwenda karibu 80. Na nguvu ya hendibreki imepungua kwa robo.

Unapokwenda kununua ekseli, chukua chaki. Weka alama kila upande. Mwenzako ashike upande mmoja usizunguke. Wewe zungusha kwa mkono pale panapofungwa propela, mpaka upande wa pili uzunguke mara 2 kamili. Ukihesabu mizunguko mitano kasorobo hivi, hiyo ni 4.7. Ukihesabu mitatu na nusu, hiyo ni 3.54.

Kwa Land Rover ndefu, ile ya 109, sisi tunaona bora ekseli ya Salisbury iliyotoka kwenye Series III ndefu. Ni nene, na kwa nyuma difu yake ina kifuniko cha boliti. Inakaa kwenye springi zilezile za majani, ila propela lazima iwe fupi zaidi. Angalia lakini: 110 nayo ina Salisbury inayofanana, na hiyo ni 3.54! Tena ekseli za 110 zinapita za Series kwa upana wa inchi 7, na zinakalia springi za koili. Hapo kuna kukata na kuchomelea, kazi ambayo si ya kila gereji. Ukiipenda 3.54, badilisha na difu ya mbele. Gari litakimbia vizuri barabarani, lakini mlimani na mzigo litachoka.

Siku ya kazi, kabla ya kulegeza propela, weka kabari au mawe makubwa mbele na nyuma ya tairi za mbele. Ukishafungua propela ya nyuma, hendibreki haishiki tairi yoyote ya nyuma, hata ukiivuta mpaka mwisho. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Egemeza chasisi juu ya magogo imara. Ukimaliza, toa upepo kwenye breki na ujaze oili ya difu mpaka ifike kwenye tundu la kujazia. Baada ya safari ya kwanza, kaza tena boliti zinazoshika springi.