Anasoma vizuri, mbona ufahamu anakosa?

Kuanzia Julai kila mwaka, ujumbe unaoingia kwenye kipindi chetu cha asubuhi hubadilika. Habari za bei ya tumbaku na mbolea hupumzika kidogo, wazazi wakaanza kuuliza habari za shule. Mtihani wa Kumaliza Elimu ya Msingi hufanyika Septemba, na Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne hufuata Oktoba. Swali linalojirudia kuliko mengine, kutoka Nzega hadi Sikonge na Kaliua, ni hili: mtoto wangu anasoma gazeti bila kukwama, lakini maswali ya ufahamu anakosa. Shida iko wapi?

Tumeona tulijibu kwa maandishi, kwa sababu hewani muda hautoshi, na kwa sababu jibu linahitaji mfano ambao msomaji anaweza kuurudia.

Tuanze na Kiswahili chenyewe. Lugha yetu inaandikwa kama inavyotamkwa. Mtoto akishazijua silabi zake, ba be bi bo bu, anaweza kulisoma neno lolote, hata lile ambalo hajawahi kulisikia tangu azaliwe. Mpe mtoto wa darasa la tatu neno "ughaibuni", atalisoma. Muulize ni nini, atakutazama. Kwa mtoto wa Kiingereza kukwama kwenye neno ni jambo la kawaida, kwa hiyo mwalimu wake anagundua mapema. Kwetu mtoto hakwami, na kwa kuwa hakwami, mzazi na mwalimu wanaamini kazi imekwisha. Ugonjwa unajificha nyuma ya sauti nzuri.

Sisi tunaosoma taarifa ya habari tunalijua hili kwa kazi yetu. Mtu anaweza kusoma taarifa ya dakika kumi, kila nukta na mkato mahali pake, akatoka studio bila kukumbuka waziri alisema nini. Mdomo ulifanya kazi, akili ilikuwa kwenye chai.

Utafiti wa Uwezo ulipoanza kupima watoto majumbani hapa nchini mwaka 2010, ulitumia ngazi rahisi kueleweka: silabi, maneno, aya, kisha hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Watoto wa darasa la tatu walioweza kuisoma hadithi hiyo hawakufika hata nusu. Baadaye mtaala wa darasa la kwanza na la pili ukaelekezwa kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Hilo lilikuwa jambo jema. Lakini K ya kwanza ikieleweka kama kutamka tu, tunarudi pale pale.

Sasa mfano. Kifungu hiki tumekitunga wenyewe, na tumekiweka hapa hapa Tabora, kwenye njia ya zamani ya misafara. Msomaji mwenye mtoto karibu amwite asome.

Msafara ulifika Tabora jioni. Wapagazi walitua mizigo chini ya miembe, wakanyoosha migongo. Kwa zaidi ya miezi miwili walikuwa wamebeba vitambaa na shanga kutoka Bagamoyo. Mwenye mali alitaka safari ya Ujiji iendelee baada ya siku mbili. Kirangozi, ambaye siku zote hutangulia mbele akionyesha njia, alitazama mawingu, akatikisa kichwa. "Mvua ya kwanza imeshanyesha," alisema. "Na vijana hawa kwao ni hapa." Mwenye mali akaahidi kuongeza ujira mara mbili. Siku ya safari alipoamka, alikuta mizigo imepangwa vizuri, haikupungua hata shanga moja. Ila hapakuwa na mtu. Kwa mbali alisikia majembe.

Swali la kwanza: wapagazi walitua mizigo wapi? Jibu limeandikwa wazi, chini ya miembe. Karibu kila mtoto anayesoma atalipata. Maswali ya aina hii ndiyo yanayompa mzazi moyo wa bure, kwa sababu mtoto anaweza kulijibu bila kuelewa habari nzima. Anatafuta neno "mizigo", analiona, ananakili maneno yaliyo jirani.

Swali la pili: kirangozi ni nani? Hapa mtoto anaanza kuhangaika, maana neno hili halisikiki tena mtaani. Lakini maana yake imewekwa mezani, ni yule anayetangulia mbele akionyesha njia. Mtoto aliyezoeshwa kusoma maneno yanayozunguka neno geni atalipata. Asiyezoeshwa ataruka swali akisema hatujafundishwa. Mitihani yetu hupenda kuuliza maana ya neno "kama lilivyotumika katika habari", na maneno hayo ya mwisho yana uzito. Hawaulizi kamusi inasemaje.

Swali la tatu ndilo lenyewe. Kwa nini mwenye mali hakukuta mtu? (A) Ujira ulikuwa mdogo. (B) Wapagazi waliogopa kunyeshewa njiani. (C) Wapagazi walikwenda kulima. (D) Wapagazi walitoroka na mali. (E) Wapagazi walitangulia Ujiji.

Hakuna mahali katika kifungu palipoandikwa "walikwenda kulima". Mtoto lazima aunganishe vitu vitatu: mvua ya kwanza, vijana ambao kwao ni hapa, na sauti ya majembe. Akishindwa kuviunganisha atafanya nini? Atatafuta jibu lenye maneno aliyoyaona. "Ujira" ameuona, anachagua A. "Mvua" ameiona, anachagua B. Walimu huyaita majibu hayo vipotoshi, na kipotoshi kizuri hutengenezwa kwa maneno ya kifungu chenyewe. Mtoto anayechagua A si mzembe. Amesoma, amekumbuka neno, amelitambua, na amekosa. Ukimwambia "soma tena kwa makini" hujamsaidia, maana atasoma tena kwa namna ile ile.

Unachoweza kumwambia ni hiki: nionyeshe mstari unaosema hivyo. Akirudi kwenye ujira atakuta uliahidiwa kuongezwa mara mbili, na bado watu hawakuwapo. A inaanguka. Kwa D kuna ile shanga moja ambayo haikupotea. Kwa B hakuna mstari unaosema woga. Majibu yanaondoka moja baada ya jingine kwa ushahidi, na linabaki moja. Zoezi hilo moja, "nionyeshe mstari", tungeliweka mbele ya vitabu vyote vya maswali na majibu vinavyouzwa stendi.

(Na wanaouliza kama kisa chenyewe kina ukweli: ndiyo, wapagazi wa Kinyamwezi walijulikana kwa kupanga safari zao kufuata kiangazi na kurudi kwa ajili ya kilimo. Mfanyabiashara aliyechelewa hapa Unyanyembe hadi mvua zikaanza alipata taabu ya watu.)

Swali la nne huwa ni kichwa cha habari kinachofaa. Tuseme wamewekewa "Shanga za Bagamoyo", "Mvua za Tabora", "Safari ya Ujiji" na "Wapagazi warudi shambani". Vitatu vya kwanza vinagusa sentensi moja moja. Kichwa lazima kibebe habari yote, kuanzia kutua mizigo hadi majembe. Mtoto anayeweza kusimulia habari kwa sentensi mbili hatasumbuka na swali hili, na kidato cha nne hatasumbuka na ufupisho, maana kazi ni ile ile.

Kuna jambo la mkoa wetu ambalo vitabu vinavyochapwa Dar es Salaam haviligusi. Watoto wengi wa Uyui na Sikonge hulelewa kwa Kinyamwezi, na wa Igunga wengi kwa Kisukuma. Kiswahili wanakikuta shuleni kikiwa tayari lugha ya mtihani. Katika matamshi ya wengi wao r na l hubadilishana nafasi, na dh na th hugeuka z na s. Mtaani hakuna anayejali, tunaelewana. Kwenye karatasi, karamu ni sherehe na kalamu ni ya kuandikia, kura hupigwa na kula ni chakula, thamani ni ubora na samani ni viti na meza. Mtoto wa darasa la nne atakutana na hili kwenye imla, msimamizi anaposoma sentensi naye anaandika. Kwenye ufahamu linaweza kumgeuzia sentensi nzima. Dawa yake ni kuyasoma maneno hayo mawili mawili, yakiwa ndani ya sentensi, na kumfanya mtoto aeleze tofauti. Kumcheka hakumsaidii, humfanya anyamaze tu, na mtoto aliyenyamaza hupimiki.

Hapo hapo kuna msaada ambao wengi wanauona kama kosa. Baada ya mtoto kusoma habari ya Kiswahili, mwambie amsimulie bibi yake kwa Kinyamwezi. Huwezi kuhamisha habari kutoka lugha moja kwenda nyingine kwa kukariri, lazima kwanza uielewe. Bibi asiyejua kusoma anakuwa mwalimu wa ufahamu pale pale, kwa sababu atauliza maswali halali kabisa: huyo mwenye mali alifanyaje sasa? Kwa nini hawakumwaga? Tunajua zipo shule zinazokataza lugha ya nyumbani uwanjani. Nyumbani si uwanjani.

Vitabu vya hadithi ni vichache, hasa vijijini, na hatutajifanya kwamba kila mzazi atakwenda kununua. Lakini karatasi zenye habari zipo. Maelezo ya dawa: meza mara ngapi, na kwa nini baada ya chakula? Tangazo la mkutano wa chama cha msingi: nani anaalikwa, na asipofika atakosa nini? Maelekezo kwenye mfuko wa mbolea. Ratiba ya treni. Mtoto akisoma tangazo la chama cha msingi na kumweleza baba yake malipo yatafanyika lini na kwa masharti gani, amefanya mtihani wa ufahamu wenye maana kuliko ule wa darasani. Msimu wa kuchuma na kukausha tumbaku, watoto wa Urambo na Kaliua wanaposhinda kwenye mabani badala ya darasani, angalau hilo linaweza kufanyika jioni. Mahali pao ni shuleni, hilo halina mjadala.

Kuhusu kambi za kitaaluma, mitihani ya ujirani mwema na moko za wilaya, tuna maoni yetu. Zina faida, mtoto anazoea muda, anazoea kukaa na karatasi, anazoea kusiliba majibu kwa penseli ya HB bila kuchafua fomu. Tatizo ni pale mtihani wa zamani unapofanywa, unasahihishwa, alama zinasomwa mstarini, kisha unaletwa mwingine. Mtoto aliyekosa saba kati ya kumi leo atakosa saba kesho, kwa sababu hakuna aliyekaa naye kumuuliza kwa nini alichagua A. Mitihani miwili ikijadiliwa jibu kwa jibu, tunaamini, inazidi ishirini inayosahihishwa tu.

Ufahamu pia hauishii kwenye somo la Kiswahili. Chukua hesabu hii: Mama ana madebe 6 ya mahindi, ameuza nusu, kisha amegawa theluthi ya yaliyobaki. Amebakiwa na mangapi? Ni madebe 2. Mtoto anayeliruka neno "yaliyobaki" atachukua theluthi ya 6 na kujibu 1. Kugawanya anajua. Alichokosa ni neno moja, na mwalimu wa hisabati atamwandikia mkasi.

Halafu kinakuja kidato cha kwanza, vitabu vinageuka Kiingereza, isipokuwa Kiswahili na masomo machache. Mtoto aliyezoea kutafuta sababu ndani ya habari ya Kiswahili ataanza kuitafuta na huko, polepole, akijifunza maneno. Aliyezoea kutafuta neno linalofanana atanakili mistari asiyoielewa kwa miaka minne.

Kwa darasa la nne uzito ni wa karibu zaidi, kwa sababu asiyefikia kiwango hutakiwa kurudia darasa.

Walimu wanaotusoma watapenda kujua kwamba Baraza la Mitihani huweka kwenye tovuti yake, bila malipo, taarifa za uchambuzi wa majibu ya wanafunzi kwa kila somo. Humo wameeleza, swali kwa swali, ni vipotoshi vipi viliwavuta wanafunzi na kwa nini. Taarifa ya Kiswahili imeandikwa kwa Kiswahili. Shule isiyo na intaneti inaweza kumwomba Afisa Elimu Kata awachapishie kurasa za sehemu ya ufahamu peke yake. Si nyingi, na nakala moja inatosha walimu wote wa shule.