Msimbomilia na Utunzaji wa Dawa Katika Bohari

Mgonjwa anapoambiwa kwenye dirisha la dawa kwamba dawa aliyoandikiwa haipo, aghalabu huamini kuwa haikununuliwa. Wakati mwingine ndivyo ilivyo. Lakini wakati mwingine dawa hiyo imo katika stoo ya kituo hicho hicho, nyuma ya masanduku mengine, na itakapoonekana itakuwa imekwisha muda wake wa matumizi. Hapo hasara huwa mara mbili: fedha zimepotea na mgonjwa amekosa tiba. Makala haya yanaeleza jinsi msimbomilia, ambao wengi huuita baakodi, unavyosaidia kuepusha hasara hiyo, na pia mahali unaposhindwa.

Msimbomilia ni nini?

Msimbomilia ni namba iliyochapwa kwa namna inayosomeka na mashine. Wamarekani Norman Joseph Woodland na Bernard Silver walipata hataza yake mwaka 1952. Tarehe 26 Juni 1974, katika duka moja mjini Troy, jimbo la Ohio, pakiti ya ubani wa kutafuna ilisomwa kwa skana na kuuzwa. Skana humulika mistari hiyo. Mistari myeusi hunyonya mwanga na nafasi nyeupe huurudisha, na tofauti hiyo hugeuzwa kuwa tarakimu. Tarakimu ya mwisho hutokana na hesabu ya zile zilizotangulia, hivyo tarakimu moja ikikosewa mfumo huikataa namba yote.

Mistari ya kawaida hutambulisha aina ya bidhaa tu. Dawa huhitaji zaidi ya hapo, ndiyo maana pakiti nyingi za dawa sasa hubeba msimbo wa mraba wenye vidoti. Ndani yake huwamo mambo manne, kila moja likitanguliwa na namba yake: 01 ni utambulisho wa bidhaa, 17 ni tarehe ya kwisha muda, 10 ni namba ya toleo, na 21 ni namba ya pakiti hiyo peke yake. Kwa mfano, 17 ikifuatiwa na 270630 humaanisha tarehe 30 Juni 2027. Umoja wa Ulaya umeulazimisha msimbo wa aina hiyo kwa dawa nyingi za kuandikiwa na daktari tangu Februari 2019.

Kazi yake katika stoo

Mzigo unapopokelewa, mtunza stoo husoma kila sanduku kwa skana, na mfumo hulinganisha kilichofika na kilichoagizwa. Kisha husoma lebo ya rafu, ili mahali dawa ilipowekwa pajulikane. Dawa inapotolewa husomwa tena, na salio hupungua papo hapo bila kusubiri leja ijazwe jioni.

Faida kubwa zaidi imo katika mpangilio wa utoaji. Wengi wamezoea kanuni ya kilichoingia kwanza kutoka kwanza. Kwa dawa, kanuni hiyo haitoshi, kwa sababu mzigo uliofika leo unaweza kuwa na muda mfupi kuliko uliofika miezi mitatu iliyopita. Kanuni sahihi ni kutoa kwanza kinachokaribia kwisha muda. Mfumo unaojua tarehe za matoleo yote humwonyesha mtunza stoo toleo la kuanza nalo, na humwonya mapema ili ziada ipelekwe kituo chenye upungufu.

Faida nyingine huonekana mamlaka ya dawa inapoagiza toleo fulani liondolewe kwa sababu ya kasoro. Mahali pasipo na kumbukumbu za matoleo, watumishi hulazimika kufungua masanduku moja baada ya jingine, huku dawa ikiendelea kutolewa. Palipo na kumbukumbu hizo, namba ya toleo huonyesha rafu, wodi na vituo vilivyoipokea.

Mahali unaposhindwa

Mfumo hujua kile tu kilichosomwa. Pakiti moja ikichukuliwa usiku kwa dharura bila kusomwa, salio la kompyuta huwa si la kweli. Vilevile, sanduku na pakiti zilizomo huwa na misimbo tofauti. Atakayesoma sanduku la pakiti 24 na kuliingiza kama pakiti moja atakuwa ameficha pakiti 23. Umeme ukikatika, kazi haina budi kuendelea kwenye kadi za karatasi na kuingizwa mfumoni baadaye. Kwa hiyo kuhesabu dawa kwa macho na mikono kila kipindi hakuwezi kuachwa.

Neno kwa mgonjwa

Msimbo uliochapwa kwenye pakiti si uthibitisho kwamba dawa ni halisi, kwani mchapaji wa bandia anaweza kuunakili. Wala tarakimu za mwanzo, kama 620 ya Tanzania au 616 ya Kenya, hazionyeshi nchi dawa ilikotengenezwa, bali mahali kampuni ilikosajili namba zake. Mgonjwa asome mwenyewe tarehe ya kwisha muda, atunze pakiti mpaka amalize dozi, na akipata madhara aipeleke kituoni pamoja naye. Namba ya toleo iliyo juu yake ndiyo itakayowawezesha wahudumu kujua kama wengine waliopewa dawa hiyo wanapaswa kutafutwa.