Dhahabu ya Ushindi (2): Mamba wa Augustus, Tembo wa Tabora

Wiki iliyopita tulimwacha Victoria, wajina wa ziwa letu hapa Nkome: mungu wa kike wa ushindi, mwenye mabawa, kwenye sarafu za dhahabu za Warumi. Makaisari hawakumtegemea yeye peke yake. Augustus aliitwaa Misri mwaka 30 K.K., na muda mfupi baadaye zikatoka sarafu zenye mamba na tangazo la Kilatini kwamba Misri imetekwa. Hakuna askari wala damu. Mnyama mmoja wa mto Nile alitosha kuibeba nchi nzima iliyoshindwa, na kila sarafu ilipobadili mikono, habari ilisonga nayo.

Huku kwetu, chini ya utawala wa Wajerumani, mchezo huo ulichezwa mwaka 1916 katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, tena na upande uliokuwa unashindwa. Manowari za Waingereza zilikuwa zimefunga pwani, sarafu kutoka Ujerumani haziingii, na noti zilizochapwa humu humu watu walizitilia shaka. Wajerumani wakageuza karakana ya reli ya Tabora kuwa kiwanda cha fedha. Dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke, Iramba. Zikapigwa sarafu 16,198 za rupia 15.

Upande mmoja yupo tai wa Kaisari wa Ujerumani. Igeuze: tembo amenyanyua mkonga, nyuma yake mlima, chini mwaka 1916 na herufi T ya Tabora. Uzito ni gramu 7.17, karibu sawa na aureus, sarafu ya dhahabu ya Kirumi, ya enzi za Nero. Ila mchimbaji asikimbilie mzani. Aureus ilikuwa dhahabu karibu tupu. Hii ni karati 18, yaani robo yake ni madini mengine. Ukiipeleka soko la madini Geita utahesabiwa gramu 5 na ushee. Mnunuzi wa sarafu za kale atakupa mara kadhaa ya hiyo, ilimradi hujaiyeyusha!

Kwa maoni yangu tembo huyo ni ndugu wa mamba wa Augustus: mnyama wa nchi iliyotawaliwa, chini ya nembo ya mtawala. Kinachowatenganisha ni saa. Mamba alichongwa vita vikiwa vimekwisha. Tembo, adui akiwa njiani. Tarehe 19 Septemba 1916 jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo, ambalo askari wake wengi walikuwa Waafrika, liliingia Tabora.

Wiki ijayo: Ezana wa Aksum, mfalme aliyeondoa mwezi mwandamo kwenye sarafu zake za dhahabu akaweka msalaba.