Harufu katika Kizimba cha Simbilisi

Jamaa nyingi katika nchi yetu hufuga simbilisi, ndio kobayi, kwa kuwa hula majani na huzaa mara kadhaa kwa mwaka. Lakini hapa Likasi, katika baridi ya Juni na Julai, tunapofunga madirisha usiku, nyumba hujaa harufu kali. Harufu hiyo ni amonia, hewa itokayo vijidudu viozeshapo mkojo uliotuama. Huwasha macho, tena hudhuru mapafu ya mnyama, na hata ya mtoto alalaye karibu.

Wengine hutandika blanketi laini kizimbani. Ni vema, mradi lifuliwe kwanza mara kadhaa lipate kupitisha mkojo, na chini yake kuwe na matambara mazito ya kuunyonya. Zoeni mavi kila siku. Kila siku ya tatu au ya nne fueni matandiko kwa maji ya moto, yasuuzeni kwa siki kidogo, kisha yaanikeni juani.

Jihadharini na maji ya Javel! Msiyamwage juu ya mkojo wala kuyachanganya na siki, kwani hutoa hewa ya sumu iwezayo kuua. Kizimba hakihitaji manukato. Chahitaji ukavu na hewa safi.