Farasi Mgeni wa Kiwanjani: Kununua ni Siku Moja, Kupatana ni Mwezi

Mji wa Isiolo umezoea wanyama tangu zamani. Ngamia, ng'ombe na mbuzi huletwa katika soko lake kutoka pande za Merti, Garba Tulla na kwingineko kaskazini, nao punda huonekana njiani wakichukua maji na mizigo. Lakini farasi apitapo katika mtaa wa Kiwanjani, ulio karibu na uwanja wa ndege, watoto huacha michezo yao wakamtazama. Farasi ni wachache siku hizi, na mtu aliyemnunua hutamani majirani wote wamwone amempanda siku ile ile ya kwanza. Haraka hiyo ndiyo iliyoharibu farasi wengi wazuri. Fedha hununua mwili wa mnyama tu. Imani yake haiuzwi sokoni, bali hutafutwa polepole, na aghalabu mwezi wa kwanza ndio unaoamua kama itapatikana au la.

Farasi si mgeni kabisa katika nchi hii. Waborana, ambao humwita farda, wamekuwa wapanda farasi tangu zama za babu zao. Walimtumia vitani, mawindoni, na katika kutazama malisho ya mbali kabla ya kuhamisha mifugo. Ndugu zao wa Ethiopia wanaendelea kumpanda, na nchi hiyo ndiyo yenye farasi wengi kupita zote za Afrika. Kwa wafugaji wa Isiolo mambo yalibadilika sana. Vita vya miaka ya 1963 hadi 1967 viliangamiza mifugo ya jamaa nyingi, na baadaye pikipiki zikachukua kazi nyingi za farasi. Hata hivyo, pikipiki haili majani wala haisikii mnyoo wa fisi usiku. Mtu mwenye ngamia waliopotea vichakani, mahali pasipo njia wala petroli, bado anaweza kufaidika na farasi aliye mtulivu. Tena mnyama huyu hugharimu fedha nyingi, na jamaa inayomnunua pengine imeuza ng'ombe kadhaa kwa ajili yake. Akifa au akiharibika tabia, hasara hiyo si ndogo.

Kazi ya kupatana huanza kabla ya bei kukubaliwa. Mnunuzi mwenye busara hatazami rangi na shingo tu. Hufungua mdomo akatazama meno, maana farasi hukamilisha meno yake ya mbele ya ukubwani apatapo umri wa miaka 5 hivi. Huinua kila mguu akaona kama kwato ni nzima na kama mnyama anakubali kushikwa. Humwomba mwuzaji ampande kwanza yeye mwenyewe, kwa kuwa mwuzaji asiyethubutu kumpanda farasi wake amekwisha kusema yote. Kisha huuliza maswali ambayo wengi huyasahau: Anakula nini? Hunywa maji saa ngapi? Huitwa kwa sauti gani? Alikuwa akipandwa na nani? Majibu hayo yana thamani, kwa sababu siku za kwanza yafaa mnyama akute mambo yasiyotofautiana sana na aliyoyazoea.

Afikapo Kiwanjani, farasi hajui kwamba amenunuliwa. Ajualo ni kwamba ametengwa na wenzake na kuletwa mahali pa harufu ngeni. Farasi ni mnyama wa kundi, na upweke humtia hofu kuliko njaa. Kwa hiyo ni vyema awe na mwenzi karibu, hata kama ni punda au mbuzi. Apewe boma lenye kivuli, na maji safi tele; farasi mmoja huweza kunywa lita 25 hadi 40 kwa siku, na zaidi wakati wa joto kali. Majani makavu yapate kilo 2 hivi kwa kila kilo 100 za uzito wake. Chakula kipya kisiingizwe ghafula, bali kichanganywe kidogo kidogo na kile cha zamani kwa muda wa siku 7 hadi 10, maana tumbo la farasi ni dhaifu, wala hana uwezo wa kutapika. Msokoto wa tumbo humwua upesi.

Yapo mambo mawili ya chakula ambayo hapana budi yajulikane na kila mtu wa nyumbani. La kwanza, mahindi yenye ukungu yaweza kuharibu ubongo wa farasi, hata kama wanyama wengine huyala bila ya kuonyesha dalili. La pili, vyakula vingine vya kuku na ng'ombe vinavyouzwa madukani hutiwa dawa iitwayo monensini. Dawa hiyo haimdhuru kuku, lakini kiasi kidogo tu humwua farasi kwa kuuharibu moyo wake. Mtoto aliyetumwa kumlisha asiambiwe tu kwamba ampe chakula. Aonyeshwe ni chakula gani.

Adui mwingine haonekani kwa urahisi. Ni ugonjwa wa farasi wa Kiafrika, ambao huletwa na virusi na kuenezwa na vidudu vidogo vyenye kuuma viitwavyo usubi. Punda milia huchukua virusi hivyo damuni bila ya kuugua, nao wako wengi kaskazini ya mji, katika hifadhi za Buffalo Springs na Samburu. Farasi asiye na kinga, hasa aliyetoka nchi nyingine, aweza kufa katika siku chache. Ishara zake ni homa, kuvimba juu ya macho, kupumua kwa shida, na povu puani. Kati ya miaka ya 1959 na 1961 ugonjwa huu ulitoka Mashariki ya Kati ukafika India, ukaua farasi na jamaa zake zaidi ya 300,000. Mwaka 1987 ulizuka Hispania kwa sababu ya punda milia waliopelekwa huko kutoka Namibia. Chanjo ipo, na mwenye farasi amwone afisa wa mifugo mapema, kabla ya mvua kuanza, maana usubi huzidi baada ya mvua. Pia mnyama aingizwe bandani kabla ya jua kuchwa na asitolewe hadi asubuhi, kwa kuwa usubi huuma zaidi usiku.

Baada ya mwili kutunzwa, zamu ya moyo hufika. Farasi aliumbwa kuwa windo la simba, na ulinzi wake ni kukimbia kwanza na kufikiri baadaye. Macho yake yako pande mbili za kichwa, hivyo huona karibu pande zote, isipokuwa mbele kabisa ya pua yake na nyuma yake. Mtu amwendeaye kutoka nyuma bila ya sauti humfanya apige teke, wala hilo si ukaidi. Ni vyema kumkaribia kwa upande, mbele ya bega, huku mtu akisema naye kwa sauti ya chini, kisha amguse shingoni kabla ya kumgusa usoni.

Juma la kwanza lisiwe la kupanda. Liwe la mtu mmoja, saa ile ile, sauti ile ile: kumletea maji, kumsugua vumbi, kuinua kwato na kuzisafisha. Juma la pili liwe la kuongozwa kwa kamba. Hapa kuna siri ambayo walimu wote wa farasi huikubali: mnyama hajifunzi kwa kuvutwa, bali kwa kuachiliwa. Kamba hukazwa kidogo. Farasi apigapo hatua moja mbele, kamba hulegezwa mara moja. Hapo huelewa kwamba hatua ile ndiyo iliyomletea raha. Mtu aendeleaye kuvuta hata baada ya kutiiwa humfundisha mnyama kwamba utii hauna faida.

Tandiko nalo lijaribiwe kwa makini. Lisiuguse uti wa mgongo, na chini yake kuwe na kitambaa safi kisicho na mchanga wala miiba. Kidonda kimoja cha mgongo huweza kumfanya farasi amchukie mpandaji kwa muda mrefu, maana kila apandwapo huumia. Uzito wa mpandaji pamoja na matandiko usizidi sehemu ya tano ya uzito wa farasi. Yaani farasi wa kilo 350 asibebeshwe zaidi ya kilo 70. Safari za kwanza ziwe fupi, na ziishe wakati mnyama angali mtulivu, sio wakati amechoka na kukasirika.

Kiwanjani kuna mambo ambayo farasi wa nyikani hakuyajua: honi za pikipiki, malori ya barabara kuu ya kwenda Moyale, mifuko ya plastiki ipeperushwayo na upepo, na ngurumo ya ndege. Mgiriki Xenophon, aliyekuwa askari na mwandishi katika karne ya 4 kabla ya Kristo, alitoa shauri ambalo halijachakaa. Alifundisha kwamba farasi aogopapo kitu, mtu akiguse kitu hicho yeye mwenyewe kwanza, kisha amwongoze farasi kwa upole akikaribie. Kwani akipigwa, hudhani kwamba maumivu yale yametoka katika kitu anachokiogopa, na hofu yake huzidi. Alikataza pia kumshughulikia farasi wakati mtu ana hasira. Kwa hiyo farasi mgeni aongozwe kwa miguu, asubuhi mapema, mbali kidogo na barabara. Kila siku asogezwe karibu zaidi kwa kadiri ya utulivu wake.

Mara nyingi shida haitoki kwa farasi, bali kwa watu. Vijana hukusanyika, kila mmoja akitaka kumpanda kwa zamu. Mmoja huvuta hatamu kwa nguvu, mwingine humpiga kwa fimbo, wa tatu humkimbiza shoti juu ya lami ngumu. Jioni mnyama huwa amejifunza jambo moja tu, yaani kwamba binadamu ni wa kukimbiwa. Kesho yake hakamatiki, na baada ya mwezi huuzwa kwa hasara, akisemwa kwamba ana tabia mbaya. Mwenye nyumba hana budi kuwa na uso mkavu siku hizo, akawakatalia hata wapwa zake na rafiki zake. Subira yavuta heri, na aibu ya kukatalia watu kwa mwezi mmoja ni nafuu kuliko kupoteza mali.

Ipo njia rahisi ya kupima kama urafiki umeanza. Mwenye farasi na asimame mlangoni mwa boma bila ya kushika chakula wala kamba. Farasi asiyemwamini hugeuza mgongo na kwenda pembeni. Farasi aliyeanza kumwamini huelekeza masikio kwake na kubaki mahali pake, kisha siku moja humjia kwa hiari. Huyo ndiye wa kupandwa kwenda kutafuta ngamia vichakani, kwa maana hata mpandaji akishuka au akianguka mahali pasipo mtu wa kumsaidia, yapo matumaini kwamba farasi wake hatamkimbia.