Nyota Sifuri: Mchezo wa Kompyuta na Sharti Lililosahau Namba Hasi

Michezo mingi ya kompyuta imejengwa juu ya tamaa ya kukusanya. Mchezaji huokota sarafu, nyota, silaha au funguo, na kadiri anavyopata vingi ndivyo milango inavyozidi kufunguka mbele yake. Lakini wako wachezaji waliojitwika kazi iliyo kinyume cha hiyo, nayo ni kuufikia mwisho wa mchezo wakiwa wameokota vitu vichache iwezekanavyo. Huenda mwalimu aliyewahi kuwaona wanafunzi wake wakipoteza jioni nzima mbele ya kioo akauona huo kuwa upuuzi juu ya upuuzi. Hata hivyo swali lao, yaani ni idadi gani ndogo kuliko zote inayotosha, ni swali halali la kihisabati. Katika mchezo mmoja mashuhuri jibu lake lilitokana na kosa ambalo walimu wa hesabu hulisahihisha kila mwaka.

Mchezo huo ni Super Mario 64, uliotolewa na kampuni ya Nintendo nchini Japani tarehe 23 Juni 1996. Ndani yake mna kasri, na katika kasri hilo zimefichwa nyota 120. Baadhi ya milango haifunguki mpaka mchezaji awe na nyota za kutosha: mmoja hudai 8, mwingine 30, mwingine 50. Mbele ya pambano la mwisho ipo ngazi isiyokwisha kwa yeyote mwenye nyota pungufu ya 70. Hupanda na kupanda, asifike. Kwa hiyo waliouunda mchezo waliweka wazi nia yao kwamba idadi ndogo kuliko zote iwe 70.

Nia ya mtunga sheria, hata hivyo, si sheria yenyewe. Wachezaji waligundua kwamba katika ghorofa ya chini hutokea sungura mara mchezaji anapofikisha nyota 15. Akimkamata na kumweka chini penye mlango wa nyota 30, katika namna fulani ya kusimama, programu humsukuma mchezaji mwenyewe upande wa pili wa mlango. Huko ndani ilibidi achukue nyota moja zaidi ili picha iliyoziba njia isogee. Kumi na tano na moja ni 16, na kwa muda idadi hiyo ilisimama kama kipeo cha ustadi. Baadaye ikapatikana njia ya kupita bila sungura, na 16 ikawa 1. Kisha ikapatikana njia ya kuikwepa ile picha, na 1 ikawa 0.

Ufunguo wa mambo haya ni mruko mrefu wa kinyumenyume. Mario, mhusika mkuu wa mchezo, anaporuka mruko mrefu, programu huuzidisha mwendokasi wake kwa 1.5, kisha huuliza: je, matokeo yamezidi 48? Yakiwa yamezidi, huyarudisha hadi 48. Kipimo hiki ni cha masafa ya ndani ya mchezo kwa kila picha, nazo picha hupita 30 katika sekunde moja. Tuseme Mario anakwenda mbele kwa 16 na kuruka mfululizo. Atapata 24, kisha 36, kisha 54, ambayo hukatwa na kuwa 48. Hapo hukwama, kama ilivyokusudiwa.

Sasa tuseme anakwenda kinyumenyume. Programu huuandika mwendo huo kwa namba hasi, –16. Mruko wa kwanza huifanya –24, wa pili –36, wa tatu –54. Je, –54 imezidi 48? Haijazidi, wala –81 inayofuata haijazidi, wala namba yoyote hasi. Sharti liliandikwa kwa upande mmoja tu wa sifuri. Tukiuacha kando upunguaji mdogo unaotokea Mario akiwa hewani, baada ya miruko 10 mwendo wake huwa 16 mara 1.5 iliyozidishwa yenyewe mara kumi, yaani zaidi ya 920 kuelekea nyuma. Ngazi husaidia sana katika kazi hii, kwa sababu arukaye kinyumenyume akiipanda hugusa kidato mara moja, na hivyo huweza kuruka tena kabla mwendo haujafifia. Mwanafunzi mwenye kikokotoo na aendelee na hesabu hiyo hadi mruko wa 20, atashangaa.

Lakini mwendokasi unahusianaje na mlango uliofungwa? Katika ulimwengu wetu jiwe lirushwalo hupita kila nukta iliyo kati ya mkono na shabaha. Katika kompyuta haliko hivyo. Programu hii huigawa safari ya Mario katika kila picha kuwa hatua nne zilizo sawa, na huchunguza kama amegusa ukuta mwishoni mwa kila hatua tu. Kwa mwendo wa 48, kila hatua ni 12, na ukuta humhisi akiwa umbali wa 50 hivi, hawezi kuukosa. Kwa mwendo wa 920, kila hatua ni 230. Hatua moja humwacha mbele ya ukuta, ifuatayo humkuta nyuma yake, na hapo katikati hapakuchunguzwa lolote. Ile ngazi isiyokwisha nayo hushindwa kwa hesabu ya namna hiyohiyo: siri yake ni kumrudisha Mario nyuma kwa kiasi maalumu bila yeye kutambua, naye anapokwenda kwa kasi kubwa kuliko kiasi hicho, hufika juu.

Wachezaji waliyajua mengi ya haya kwa majaribio, kama mwanafizikia anavyoichunguza nguvu asiyoweza kuiona. Mwaka 2019 wapenzi wa mchezo huo walifaulu kuiunda upya programu yake katika lugha inayosomeka, na lile sharti la upande mmoja likaonekana kwa macho. Nintendo yenyewe ilikuwa imekwisha kuiziba njia hiyo katika toleo lililouzwa Japani mwaka 1997.

Asije mtu akadhani kosa la aina hii ni la wachezeao watoto peke yao. Tarehe 4 Juni 1996, siku 19 kabla ya mchezo huo kutolewa, roketi mpya ya Ulaya, Ariane 5, iliruka kutoka Kourou katika Guyana ya Ufaransa. Haikutimiza hata dakika moja, ikapotoka njia na kulipuka pamoja na setilaiti nne za utafiti. Uchunguzi ulionyesha kuwa namba moja iliyohusiana na mwendo wake wa ulalo ilikuwa imekua kupita 32,767, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote iwezayo kuandikwa katika nafasi iliyotengewa. Namba hiyo haikuwekewa ulinzi, kwa kuwa ilidhaniwa haiwezi kufika huko. Dhana hiyo ilikuwa sahihi kwa roketi ya zamani, Ariane 4, ambako programu ilitoka. Roketi mpya ilikuwa na kasi zaidi. Waandishi wa mchezo nao walidhani kwamba hakuna mtu atakayekimbia kinyumenyume.

Limebaki jambo moja kuhusu lile neno "ndogo kuliko zote". Katika Super Mario 64 mjadala umefungwa upande wa nyota, maana hakuna awezaye kuokota pungufu ya sifuri. (Wachezaji wakahamia kwenye kuhesabu funguo.) Katika michezo mingine hali ni ngumu zaidi. Super Metroid ya mwaka 1994 ina vitu 100, nayo humtajia mchezaji mwishoni asilimia aliyokusanya. Miongoni mwa mashabiki wake zoezi linalojulikana sana ni kuimaliza kwa asilimia 14, bila kutegemea hitilafu kubwa za programu. Waundaji wenyewe waliiona mbinu hii ikaota mizizi, hata katika Metroid: Zero Mission ya mwaka 2004 wakaweka picha ya pekee kwa atakayemaliza na asilimia 15 au pungufu.

Sasa mwalimu na awaulize wanafunzi wake: mtu akimaliza na vitu 14, amethibitisha nini? Amethibitisha kwamba 14 vinatosha. Hajathibitisha kwamba 13 havitoshi. Kwa dai la kwanza mfano mmoja unatosha. Kwa dai la pili yapasa kuonyesha kwamba kila njia iwezekanayo imefungwa, zikiwamo zile ambazo hakuna mtu aliyewahi kuziwazia. Na hapo ndipo wale walioiamini namba 70, na baadaye namba 16, walipojikwaa.