Inakula Ngapi, Inatoa Ngapi?

Nilipokuwa mwaka wa kwanza hapa kitivoni, shangazi yangu anayekaa Mudzi Pela aliniita nyumbani kwake Jumapili moja, akaniwekea mezani maboksi mawili ya balbu. Alikuwa ameyachukua kwa mfanyabiashara wa soko kuu kwa makubaliano kwamba lile asilolipenda atalirudisha. "Si wewe unasomaka luga?" akasema. "Nisomee hii."

Boksi la kwanza lilikuwa la kadibodi nyembamba, limeandikwa 60 W na basi. La pili lilikuwa na maandishi mengi: 9 W, kisha alama ya usawa, kisha 60 W, na chini kabisa, kwa herufi ndogo, 806 lm. Nikayasoma kwa sauti ya mtu aliyefika chuo kikuu. Nikamwambia zote mbili ni za wati 60, tofauti ni kampuni. Shangazi hapotezi faranga ovyo. Akarudisha ile ya bei kubwa, akanunua tano za bei ndogo: nne za ndani na moja ya nje, juu ya mlango.

Nilikuwa nimesoma kila herufi na sikuelewa hata moja. Ndani ya miezi michache betri yake, iliyonunuliwa kwa zamu yake ya likelemba, ilikuwa imekufa. Fundi alipoifungua na kuuliza nani alimshauri kuweka balbu zile, shangazi alinitazama, hakusema neno. Makala haya ni jibu nililopaswa kumpa Jumapili ile.

Kosa langu lilikuwa la lugha kabla ya kuwa la umeme. Tumezoea kusema "balbu ya wati 60" tukimaanisha balbu yenye mwanga mwingi, na "ya wati 25" tukimaanisha yenye mwanga hafifu. Kwa zaidi ya miaka mia, balbu zote zilipokuwa za aina moja, haikuleta shida: iliyokula zaidi iliwaka zaidi. Lakini wati, iliyopewa jina la Mskoti James Watt, haipimi mwanga. Inapima kasi ya kula umeme. Mwanga hupimwa kwa lumeni, neno la Kilatini lenye maana ya mwanga wenyewe, na ndizo zile herufi ndogo lm nilizozipita kama alama ya kiwanda.

Kiswahili chetu kilikuwa tayari na njia ya kulisema jambo hili. Tunasema gari hili linakula mafuta, ng'ombe huyu anakula sana lakini hatoi maziwa. Kifaa cha umeme nacho kina vitenzi viwili: kinakula na kinatoa. Balbu ya waya ya shangazi ilikula wati 60 ikatoa lumeni zipatazo 700. Ile niliyomkataza ingekula wati 9 ikatoa lumeni 806. Ile alama ya usawa kwenye boksi haikusema kwamba inakula wati 60; ilisema inatoa mwanga unaolingana na wa balbu ya zamani ya wati 60. Gawanya kinachotolewa kwa kinacholiwa: ya kwanza inatoa lumeni 12 hivi kwa kila wati, ya pili karibu 90. Hesabu hiyo ndiyo vitabu huita ufanisi wa nishati.

Kwa aliyekulia gizani lumeni ni neno tupu, kwa hiyo nilipomweleza shangazi mara ya pili nilitumia mshumaa. Mshumaa wa kawaida hutoa lumeni 12 au 13. Balbu ya lumeni 806 ni mishumaa zaidi ya 60 iliyowashwa pamoja. "Inakula tisa, inatoa mishumaa sitini," akarudia, na tangu siku hiyo ndivyo anavyouliza sokoni. Wauzaji humcheka kwanza, halafu hugeuza boksi wakatafute.

Umeme unaobaki kwenye balbu ya waya huenda wapi? Weka kiganja karibu nayo. Waya ule mwembamba lazima uchemke hadi nyuzi joto zaidi ya 2,000 ndipo ung'ae, na karibu umeme wote hutoka kama joto. Asilimia 5 hivi tu ndiyo huwa mwanga tunaouona. Ni mbabula inayong'aa kidogo. LED haichemshi kitu ili ing'ae: umeme ukipita kwenye kipande kidogo cha madini yaliyotayarishwa maalumu, mwanga hutoka moja kwa moja. LED nyekundu na za kijani zilikuwapo tangu zamani. Iliyokosekana ilikuwa ya buluu, na bila buluu huwezi kupata mwanga mweupe. Wajapani Isamu Akasaki na Hiroshi Amano, na Shuji Nakamura aliyefanya kazi hiyo Japani, waliipata mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mwaka 2014 wakapewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Ukiitazama LED iliyozimwa utaona vidoa vya manjano: ni unga unaopakwa juu ya mwanga wa buluu, na macho yetu huuona mchanganyiko huo kuwa mweupe.

Sasa betri ya shangazi. Ilikuwa ya volti 12 na ampea-saa 100, ya risasi na asidi kama za gari. Zidisha: wati-saa 1,200. Lakini betri ya aina hiyo ikimalizwa kila siku hufa mapema, na mafundi hushauri usivuke nusu. Kwa hiyo ana wati-saa 600 za kutumia usiku, na hata hizo konvertisa, kifaa kinachogeuza umeme wa betri ufanane na wa nguzoni, hula sehemu yake. Balbu nne za ndani zinakula wati 240: saa mbili na nusu, na nusu ya betri imekwisha. Tena nimeisahau ya nje.

Ya nje ndiyo iliyoniumiza nilipofanya hesabu. Sisi tuko karibu kabisa na mstari wa ikweta; usiku wa Bunia ni saa kumi na mbili mwaka mzima. Na hakuna mtu wa mji huu anayehitaji kuelezwa kwa nini mama anayeishi na wajukuu watatu anataka taa juu ya mlango hadi kuche. Balbu moja ya wati 60 kwa saa 12 ni wati-saa 720. Peke yake, bila hata taa moja ndani, ilikuwa inaivusha betri mpaka wa nusu kila usiku. LED ya wati 5 mahali pale pale ingekula wati-saa 60 tu. Nne za ndani za wati 9, kwa saa tano za jioni, ni 180. Jumla 240, na betri inalala ikiwa na akiba. Paneli ile ile, betri ile ile, watoto wanasoma, mlango una taa.

Ndiyo maana sipendi tafsiri ya "kubana matumizi" ninayoikuta katika matangazo na hata katika kazi za wenzangu darasani. Kubana ni kujinyima: zima taa, kaa gizani, usiku mwema. Ufanisi ni kupata kile kile, au zaidi, kwa kula kidogo. Shangazi alikuwa amebana vya kutosha maisha yake yote. Mwenzi wa neno hilo ni "ekonomiki" la sokoni, kutoka Kifaransa, ambalo mnunuzi wetu hulisikia kama "bei rahisi", kisha hushangaa ampuli ya ekonomiki kuwa ghali kuliko nyingine. Hata mafuta ya taa yana mtego wake: kwetu huitwa petroli, kama Wafaransa wasemavyo, na mgeni kutoka Dar es Salaam akitumwa dukani kuleta petroli ya taa anaweza kurudi na ya pikipiki. Hilo la mwisho si kichekesho, linaunguza nyumba.

Wenye umeme wa nguzoni wasidhani hesabu hii haiwahusu. Umeme wa maji wa eneo letu ulizaliwa kwa ajili ya dhahabu: kituo cha Budana, kwenye mto Shari, kilijengwa enzi ya Wabelgiji ili kiendeshe migodi ya Kilo-Moto, si friji za Nyakasanza. Mji umekua, na tangu 2015 ni makao makuu ya mkoa. Umeme kidogo ukigawanywa kwa nyumba nyingi, volti hushuka, na hapo balbu ya waya huonyesha ubaya wake wa pili. Volti zikishuka kutoka 220 hadi 180, inaendelea kula karibu robo tatu ya umeme wake wa kawaida, lakini mwanga wake unabaki nusu. Ndiyo ile rangi ya chungwa tunayoijua saa moja jioni. LED iliyotengenezwa vizuri ina kisakiti cha kurekebisha, haibadiliki hata ukiikazia macho. Iliyotengenezwa vibaya, na sokoni zimejaa, hupepesa: ielekezee kamera ya simu, ukiona mistari inapita kwenye kioo, irudishe. Na boksi lisilotaja lumeni kabisa lina jambo linaloficha.

Vifaa vinavyotoa joto nitavipita haraka. Pasi na resho hula wati 1,000 na zaidi, na hakuna ujanja mwingi, kwa kuwa joto ndilo tunalolitaka. Usivifunge kwenye betri. Kupiga pasi kwa nusu saa ni wati-saa 500, karibu usiku mzima wa shangazi. Pasi ya makala bado ina kazi yake.

Friza ndiyo somo refu, kwa sababu shangazi huuza samaki wa Ziwa Albert, wanaopanda kutoka Tchomia na Kasenyi, na friza ndiyo mkate wa nyumba. Yake ni ya okazyo, iliyotumika Ulaya. Ubavuni ina karatasi yenye mistari ya rangi na alama A+. Aliponunua aliambiwa A+ ni alama ya juu, kama shuleni. Ilikuwa kweli wakati fulani. Baadaye Ulaya iliongeza A+++, hata A+ ikawa karibu na mkia wa zilizokuwa zikiuzwa, na tarehe 1 Machi 2021 friji zilifutiwa alama zote za kujumlisha zikarudi A hadi G, kwa kipimo kikali zaidi. Friji iliyokuwa A+++ jana yake ikajikuta chini zaidi bila kubadilika hata skrubu. Kenya ina kanuni zake tangu 2016, na huko hutumia nyota: nyingi ndiyo bora. Karatasi ya China hutumia namba, na huko 1 ndiyo bora. Sisi tunaopokea mizigo ya pande zote, kupitia Mahagi au ziwani, tunasoma alfabeti tatu zinazopingana.

Kuna namba moja isiyobadilika maana katika zote, nayo ndiyo ya kutafuta: kilowati-saa, kwa mwaka au kwa saa 24. Kama ni ya mwaka, gawanya kwa 365. Friza yenye 250 inakula wati-saa karibu 685 kwa siku, kuzidi nusu nzima ya betri tuliyoizungumzia, ilipokuwa mpya na mpira wa mlango wake ukiwa mzima. Tazama pia herufi za hali ya hewa. N imetengenezwa kwa chumba cha nyuzi 16 hadi 32, T hadi 43. Bunia iko zaidi ya mita 1,200 juu ya bahari, N inatutosha. Kwa nduguye shangazi aliyeko Kasenyi, kandokando ya ziwa, ningetafuta T.

Tulichofanya na friza yenyewe kilikuwa kidogo. Tuliiondoa kwenye betri, ikabaki kwa umeme wa nguzoni. Tuliisogeza mbali na ukuta kiasi cha kiganja ili ipumue, tukakwangua barafu iliyogeuka blanketi, tukabadilisha mpira wa mlango. Jaribio la mpira ni noti ya faranga: ifungie mlangoni, ikivutika bila kushika, baridi inatoroka hapo. Nafasi tupu tukaijaza chupa za maji. Friza iliyojaa na isiyofunguliwa huweza kushika baridi hadi siku mbili, iliyojaa nusu siku moja, na umeme wetu hukatika kati ya vipimo hivyo. Maji yakiganda wakati umeme upo, barafu hiyo ndiyo betri ya samaki.

Betri mpya ilipatikana zamu ya likelemba iliporudi. Shangazi alikwenda sokoni mwenyewe kununua balbu, mimi nikabeba mfuko. Alipofika nyumbani aliandika kwa kipande cha kaa, ukutani juu ya swichi: 9, 60. Mjukuu wake wa miaka saba akamuuliza ni namba ya simu ya nani.